Turbini ya Chini ya Kisima katika Uchorongaji wa Bomba la Koili: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Bonde la Eyasi-Wembere, Mkoani Singida

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mota ya turbini inavyofanya kazi inapofungwa mwishoni mwa bomba la koili ili kuchoronga kisima cha mafuta, kisha inachunguza iwapo zana hiyo inafaa katika Bonde la Eyasi-Wembere, ambalo sehemu yake imo mkoani Singida. Hoja inayotetewa ni kwamba turbini haiwezi kupimwa peke yake. Kinachoamua ni kiasi cha nguvu ambacho bomba jembamba linaweza kukifikisha chini, pamoja na aina ya ushahidi ambao kisima kinatarajiwa kuuleta juu. Kwa mahesabu ya mfano na kwa kurejelea uzoefu wa Alaska, Sharjah na Rasi ya Kola, makala inaonesha kuwa turbini juu ya koili haifai kuwa zana ya kisima cha kwanza Wembere, lakini inaweza kuwa zana bora ya tawi litakalotoka ndani ya kisima hicho na kuingia katika miamba ya itale.

1.0 Utangulizi

Bonde la Eyasi-Wembere limeenea katika mikoa ya Arusha, Manyara, Singida, Simiyu, Shinyanga na Tabora. Kwa upande wa Singida, sehemu yake inayofahamika zaidi ni tambarare ya Wembere iliyo chini ya Mlima Sekenke, wilayani Iramba, pamoja na Ziwa Kitangiri, ambalo hupokea maji ya Mto Wembere na kuyaachia Mto Sibiti kuyapeleka Ziwa Eyasi. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limelitafiti eneo hili kwa hatua: upimaji wa mvutano wa ardhi kwa kutumia ndege, visima vifupi vya kuchunguza miamba katika wilaya za Igunga, Iramba na Meatu, kisha ukusanyaji wa takwimu za mitetemo. Kwa mantiki ya kazi hii, hatua inayofuata ni kisima kirefu.

Kisima kirefu cha kwanza katika bonde ambalo halijawahi kuchorongwa kwa kina ni jambo la gharama kubwa, na gharama hiyo ni ya umma. Ndiyo maana wazo la kutumia bomba la koili lina mvuto. Mtambo wake huchukua nafasi ndogo kuliko mnara wa kawaida, hauhitaji kuunganisha na kufungua mabomba kila mara, na tundu lake jembamba hutumia maji kidogo. Katika mkoa mkavu kama Singida, hoja ya maji si ya kupuuzwa. Kwa kuwa bomba la koili haliwezi kuzungushwa kutoka juu, keekee lazima izungushwe na mota iliyo chini, na hapo ndipo turbini inapoingia. Swali la makala hii ni iwapo mvuto huo unahimili uchunguzi.

2.0 Istilahi

Ni vema kwanza kutofautisha kuchimba na kuchoronga. Katika lugha ya kila siku kisima huchimbwa, na picha inayokuja akilini ni sururu, ndoo na mtu aliye ndani ya shimo. Kisima cha mafuta kinachorongwa: keekee huzunguka na kusaga mwamba, na vipande hupandishwa juu na tope linalosukumwa na pampu. Tofauti hii haiwahusu wanaisimu peke yao. Mwanakijiji anayeambiwa kwamba kisima kitachimbwa karibu na shamba lake ana haki ya kutarajia shimo kubwa, ilhali tundu linalozungumziwa katika makala hii lina upana unaolingana na kiganja cha mkono wake.

Katika makala hii, bomba la koili, au koili kwa kifupi, ni bomba la chuma lisilo na viungo, lenye urefu wa maelfu ya mita, linalohifadhiwa likiwa limezungushwa kwenye rili kubwa. Tope ni kimiminika cha kuchorongea, hata kama ni maji matupu. Kesingi ni bomba linaloshushwa na kusimikwa kwa saruji ili kushikilia kuta za kisima. Torki ni uwezo wa kani wa kuzungusha kitu, unaopimwa kwa nyutoni-mita. Nguvu ni kazi inayofanyika kwa sekunde, inayopimwa kwa wati.

3.0 Bomba la koili na adhabu ya kukunjwa

Wazo la kuzungusha bomba refu la chuma kwenye pipa kisha kulinyoosha lilijaribiwa kwa kiwango kikubwa mwaka 1944, pale Waingereza walipolaza mabomba ya mafuta chini ya bahari kuelekea Ufaransa ili kuyahudumia majeshi yaliyokuwa yametua huko. Mtambo wa kwanza wa kuingiza koili katika kisima cha mafuta ulitengenezwa Marekani mwaka 1962, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusafisha visima, si kuvichoronga. Uchorongaji wa koili kama tunavyoufahamu leo ulianza kushika kasi mwaka 1991, kwa majaribio ya Texas na ya bonde la Paris.

Ubora mkubwa wa koili ni kwamba tope huendelea kutiririka wakati wote. Kwenye mnara wa kawaida pampu husimamishwa kila bomba jipya linapoongezwa. Kwa koili hakuna kiungo cha kuongeza. Shinikizo la chini hubaki tulivu, na kisima chenye gesi kinaweza kuchorongwa huku kikizalisha.

Ubora huo una gharama yake. Tuchukue koili yenye kipenyo cha nje cha milimita 60.3 na unene wa ukuta wa milimita 4.8. Inapopita juu ya upinde wa kuiongoza wenye nusu kipenyo cha mita 2.3, uso wake wa nje hurefuka kwa takribani asilimia 1.3, kwenye rili yenye nusu kipenyo cha mita 1.2, hurefuka kwa asilimia 2.5. Chuma cha aina hiyo, chenye ukomo wa mnyumbuko wa megapaskali 552, huanza kubadilika umbo la kudumu kinapofikia asilimia 0.28 tu. Maana yake ni kwamba kila safari ya kwenda na kurudi hukipitisha chuma mbali sana nje ya mnyumbuko wake, na zaidi ya mara moja: hunyooshwa kinapotoka kwenye rili, hukunjwa kwenye upinde, hunyooshwa tena kinapoingia kisimani, na yote hayo hurudiwa kinapotoka. Koili huchoka. Huchoka haraka zaidi inapokunjwa ikiwa na shinikizo kubwa ndani, na jambo hili litarejea tutakapofika kwenye hesabu za turbini.

Upungufu wa pili ni uzito juu ya keekee. Bomba nene la kawaida huikandamiza keekee kwa uzito wake lenyewe. Koili ikisukumwa sana hujipinda ndani ya tundu kama kamba inayosukumwa badala ya kuvutwa. Kwa hiyo keekee ya koili hufanya kazi kwa uzito mdogo, na lazima ifidie kwa njia nyingine. Njia iliyopo ni kasi.

4.0 Turbini: namna inavyofanya kazi

Turbini ya kisimani ni safu ndefu ya hatua zinazofanana. Kila hatua ina gurudumu la mapanga lisilozunguka, yaani stata, na gurudumu la mapanga linalozunguka, yaani rota. Stata huelekeza tope upande mmoja. Rota hulipokea na kuligeuza upande mwingine, na katika kugeuza huko hupata msukumo. Hatua moja hutoa torki ndogo mno. Kwa hiyo hupangwa hatua kumi kwa kumi, mara nyingi zaidi ya mia, juu ya mhimili mmoja, na torki za hatua zote hujumlishwa.

Historia yake inaeleza kwa nini hatua ni nyingi. Hataza ya turbini ya kuchorongea ilitolewa Marekani mapema, mwaka 1873, lakini zana iliyofanya kazi kweli ilitokea Baku katika miaka ya 1920 kwa juhudi za mhandisi Matvei Kapelyushnikov. Turbini yake ilikuwa na hatua moja tu na gia za kupunguza kasi. Tope lenye mchanga lilipita kwa kasi kubwa mno na kuyala mapanga, na gia nazo hazikudumu. Katika miaka ya 1930 kundi lililoongozwa na P. P. Shumilov liliigawa kazi hiyo katika hatua nyingi, kila moja ikibeba sehemu ndogo ya shinikizo, na gia zikaondolewa. Kufikia miaka ya 1950 sehemu kubwa ya uchorongaji wa Muungano wa Kisovieti ilifanywa kwa turbini, na mwaka 1956 kampuni ya Marekani ya Dresser ilinunua leseni ya teknolojia hiyo.

Tabia ya turbini inaweza kuelezwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Ikizuiwa isizunguke, hutoa torki yake kubwa kuliko zote. Ikiachwa bila mzigo, torki ya keekee huwa sufuri na kasi hufikia ukomo wake. Baina ya ncha hizo torki hushuka kadiri kasi inavyopanda, na nguvu huwa kubwa kabisa katikati, yaani kwa nusu ya kasi ya ukomo. Jambo la pili ni uhusiano wake na mtiririko: kasi hupanda sawia na mtiririko, torki hupanda kwa kipeo cha pili, na nguvu hupanda kwa kipeo cha tatu. Pampu ikidhoofika na kuleta asilimia 80 ya mtiririko uliokusudiwa, nguvu ya keekee hushuka hadi asilimia 51. Mota chache za kisimani huadhibu upungufu wa pampu kwa ukali kiasi hicho.

Mshindani wa turbini ni mota ya parafujo, iliyotokana na uvumbuzi wa René Moineau katika miaka ya 1930. Ndani yake rota ya chuma iliyosokotwa huzunguka ndani ya stata iliyopakwa mpira, na tope husukumwa kupitia vyumba vilivyo baina yao. Huzunguka polepole, kwa kawaida mamia machache ya mizunguko kwa dakika, na hutoa torki kubwa. Mpira ndio udhaifu wake: joto linapozidi takribani nyuzijoto 150 mpira wa kawaida hupoteza uimara, na gesi inayopenya ndani yake huuvimbisha na kuupasua shinikizo linaposhuka. Turbini haina mpira. Ni chuma kitupu pamoja na beringi zake.

5.0 Hesabu ya nguvu inayofika chini

Mjadala wa turbini dhidi ya parafujo mara nyingi huendeshwa kama mashindano ya mieleka: ipi ina nguvu zaidi? Kwa maoni yangu swali hilo linapotosha. Mota zote mbili ni wapokeaji. Hupokea nguvu iliyosalia baada ya bomba kuchukua ushuru wake, na koili hutoza ushuru mkubwa.

Tuendelee na koili ileile ya milimita 60.3, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50.7, na tuseme kwenye rili kuna mita 3,000. Tusukume maji kwa lita 300 kwa dakika. Kasi ndani ya bomba itakuwa karibu mita 2.5 kwa sekunde. Kwa kizio cha msuguano cha 0.02, shinikizo linalopotea ndani ya koili ni takribani megapaskali 3.6. Ieleweke kwamba hasara hii hulipwa kwa mita zote 3,000 hata kama kisima kimefika mita 200 pekee, kwa sababu koili iliyobaki kwenye rili nayo lazima ipitishe tope. Tope zito lingeongeza hasara hiyo.

Tuipe turbini megapaskali 7, na tuache 2 kwa keekee na njia ya kurudi. Pampu itahitaji megapaskali 12.6, yaani kilowati 63. Turbini itapokea kilowati 35, na kwa ufanisi wa asilimia 60 itaifikishia keekee kilowati 21. Theluthi moja tu ya nguvu ya pampu ndiyo inayosaga mwamba.

Kama turbini hiyo inafanya kazi kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, kilowati 21 ni torki ya nyutoni-mita 200. Mota ya parafujo yenye nguvu ileile kwa mizunguko 300 ingetoa karibu nyutoni-mita 670. Mtu anayetazama torki pekee ataichagua parafujo. Lakini torki inayoisukuma keekee upande mmoja huisukuma koili upande wa pili. Tukipuuza msuguano wa kuta, torki ya nyutoni-mita 670 ikiwekwa mwishoni mwa mita 1,500 za koili hii huisokota kwa zaidi ya mizunguko mitatu; ile ya 200 huisokota kwa pungufu kidogo ya mzunguko mmoja. Anayejaribu kuelekeza kisima kilichopinda, ambaye lazima ajue uso wa zana yake unatazama wapi, ataona tofauti hiyo mara moja.

Je, haiwezekani kuongeza mtiririko? Tukipandisha hadi lita 400 kwa dakika, nguvu ya turbini itafikia takribani kilowati 50. Shinikizo la pampu nalo litapanda hadi megapaskali 22.4, na koili itakunjwa na kunyooshwa ikiwa imebeba shinikizo hilo. Tutakuwa tumenunua kasi ya kuchoronga kwa kulipa uhai wa bomba.

Turbini nyembamba huzunguka kwa kasi kuliko pana, na hilo halikuchaguliwa na mbunifu. Kwa mtiririko uleule, kupunguza kipenyo kwa nusu hupunguza eneo la kupitishia tope hadi robo na mkono wa kuzungusha hadi nusu, na hivyo kasi ya kuzunguka huongezeka mara nane. Turbini ya koili kwa hiyo inazaliwa ikiwa na mbio na ikiwa na torki ndogo. Keekee inayoifaa ni ile iliyojazwa chembe za almasi ndani ya metali yake, ambayo haikati mwamba kwa meno bali huusaga kama jiwe la kunolea: uzito mdogo, kasi kubwa, mwamba mgumu. Katika itale ndoa hii ni nzuri. Katika udongo wa mfinyanzi keekee ya namna hiyo hujazwa tope na kuteleza tu.

6.0 Turbini isiyosema

Kuna tofauti moja ambayo vitabu huitaja kwa sentensi moja lakini ambayo, kwa anayeendesha mtambo, ni kubwa kuliko zote. Mota ya parafujo huongea. Mzigo ukiongezeka juu ya keekee, shinikizo kwenye geji ya pampu hupanda. Mota ikikwama, shinikizo huruka ghafla na mwendeshaji huinyanyua koili. Geji ndiyo masikio yake.

Shinikizo linalopotea ndani ya turbini hutegemea zaidi mtiririko na uzito wa tope, na hubadilika kidogo sana kwa kasi ya rota. Turbini ikilemewa hadi kusimama, geji inaweza isioneshe chochote. Keekee imetulia, pampu inaunguruma, tope linarudi juu kama kawaida, na kisima hakiendi. Kinyume chake pia ni hatari: keekee ikinyanyuliwa kutoka sakafuni huku pampu ikiendelea, turbini hukimbilia kasi yake ya ukomo, ambayo katika mfano wetu ni mizunguko 2,000 kwa dakika, na beringi ndizo zinazoumia. Tope likiwa limechanganywa na nitrojeni, mchanganyiko huo hupanuka unaposhuka kupitia hatua za turbini na kasi huwa ngumu zaidi kuitabiri.

Ukimya huo una faida moja. Parafujo inapokwama, mruko wa shinikizo huipiga koili pale ambapo tayari imechoka. Turbini inapokwama haifanyi hivyo. Lakini ili kuitumia kwa usalama ni lazima koili iwe na waya ndani yake unaoleta juu kasi ya mhimili, uzito juu ya keekee na shinikizo la chini. Bila waya huo mwendeshaji hutegemea mwendo wa koili kwenda chini pekee, na mwendo huo, kwa bomba linaloweza kujipinda, huweza kumdanganya. Mapendekezo yoyote ya kutumia turbini ya koili ambayo hayataji waya huo hayajakamilika.

7.0 Uzoefu wa mahali pengine

Katika eneo la Prudhoe Bay, Alaska, koili imetumika tangu miaka ya 1990 kuchoronga mamia ya matawi kutoka ndani ya visima vya zamani. Karibu nasi zaidi, katika Ghuba, kampuni ya BP ilianza mwaka 2003 kutumia koili kuchoronga matawi ya mlalo katika hifadhi ya gesi ya Sajaa, Sharjah, ambako shinikizo la miamba ya chokaa lilikuwa limeshuka. Kisima kilichorongwa kwa shinikizo dogo kuliko la hifadhi, gesi ikitoka wakati keekee inaendelea kusaga.

Maeneo haya mawili hayafanani kwa hali ya hewa wala kwa miamba, lakini yana jambo moja la pamoja ambalo ndilo kiini cha hoja yangu: kote koili iliingia katika kisima kilichokuwapo. Sehemu ya juu, ile yenye kipenyo kikubwa, kesingi nene na saruji, ilikwisha kulipiwa miaka mingi nyuma na mnara wa kawaida. Jiolojia ilikwisha kufahamika. Koili ilifanya kilichobaki. Tanzania ina maeneo yenye visima vya namna hiyo, lakini yapo pwani: Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay, mwaka 1982. Wembere haina kisima cha zamani cha kuingia.

Mfano wa turbini katika mwamba mgumu unatoka Urusi. Kisima cha utafiti cha Rasi ya Kola kilianzishwa mwaka 1970 katika miamba ya kale ya fuwele, na mwaka 1989 kilifikia mita 12,262, kikiwa na joto la takribani nyuzijoto 180 chini. Keekee yake ilizungushwa kwa turbini iliyofungwa mwishoni mwa mabomba ya aloi ya alumini. Haikuwa koili, lakini inathibitisha kwamba turbini huvumilia joto na miamba ambayo mpira wa parafujo usingeivumilia. Miamba ya Kola ni ya kale sana, kama ilivyo ile ya Kratoni ya Tanzania inayochomoza kwa mawe makubwa ya itale kuzunguka mji wa Singida.

8.0 Kurudi Wembere

Mashapo yanayoonekana juu ya ardhi katika eneo la Manonga na Wembere ni ya ziwa la kale: mfinyanzi, udongo laini na tabaka za chokaa, yenye visukuku vya mamalia na samaki. Chini yake ipo kratoni. Kisima kirefu kitaanza katika kitu laini na, kikienda chini vya kutosha, kitaishia katika kitu kigumu mno. Turbini ya koili haifai kwa sehemu ya kwanza na inafaa kwa sehemu ya pili.

Hoja ya maji inastahili haki yake. Tundu la milimita 104.8 lina ujazo wa lita 8.6 kwa kila mita. Tundu la milimita 311, ambalo ni la kawaida katika sehemu za kati za kisima cha mnara, lina lita 76. Tofauti ni karibu mara tisa, na inahusu tope la kutengeneza pamoja na taka za kutupa. Katika eneo ambalo maji ya ziwa ni ya chumvi na wafugaji hutegemea malambo wakati wa kiangazi, tofauti hiyo ni sababu ya kweli ya kutamani tundu jembamba. Hata usafiri una neno lake: mita 3,000 za koili hii zina uzito wa takribani tani 20 kabla ya kuhesabu rili, na ni mzigo usiogawanyika. Mzigo huo ukishateremka Sekenke utakutana na udongo mweusi wa mbuga ambao wakati wa masika haupitiki. Mabomba ya kawaida hugawanywa katika malori mengi; rili haigawanyiki.

Hata hivyo kinachoamua ni ushahidi. Kisima cha kwanza katika bonde geni hakizalishi mafuta, kinazalisha maarifa. Wanajiolojia watataka kujua kama mashapo yana tabaka zenye mabaki ya viumbe yanayoweza kutoa mafuta, yameiva kwa joto kiasi gani, na kama kuna mwamba wenye vinyweleo na mwingine wa kuufunika. Hayo husomwa katika vipande vya mwamba vinavyopanda na tope, katika gesi iliyomo ndani ya tope hilo, na zaidi ya yote katika nguzo za mwamba zilizokatwa nzima. Keekee ya almasi inayozunguka mara 1,000 kwa dakika hurudisha unga. Unga huo hupanda kirahisi, na kwa mhandisi ni sifa. Kwa mwanajiolojia ni karatasi iliyochanwa. Joto la msuguano huweza kuubadilisha mwamba kabla haujafika juu, na pale tope lenye mafuta linapotumika, joto hilo huweza kuzalisha gesi ambazo msomaji asiye makini atazidhania kuwa za asili. Katika bonde ambalo swali lenyewe ni kama gesi na mafuta vipo, kosa la namna hiyo laweza kuelekeza fedha za kisima cha pili mahali pasipostahili.

Ikumbukwe pia kwamba Singida haina uhaba wa uzoefu wa kukata nguzo za mwamba. Utafutaji wa dhahabu wilayani Ikungi, kama kwingineko katika ukanda wa kratoni, hutegemea mitambo myembamba ya almasi inayozungushwa kutoka juu na kuleta nguzo nzima. Kwa mita za juu, mtambo wa namna hiyo hutoa tundu jembamba na maji kidogo bila kuupoteza ushahidi. Faida iliyotarajiwa kutoka kwenye koili inaweza kupatikana, kwa sehemu, kwa zana ambayo mafundi wa mkoa wanaifahamu tayari. Kwa kina kikubwa, ambako shinikizo halijulikani, mnara wa kawaida wenye kesingi za ngazi kadhaa na vali za kuzuia mlipuko hauna mbadala.

Turbini ya koili inabaki na nafasi yake baadaye: kutoka ndani ya kisima hicho, kutoboa kesingi, na kusogea katika sehemu ya juu ya itale iliyopasuka au kando ya ufa, ambako mwamba ni mgumu, huenda joto likawa kubwa, na gesi ikiwapo huweza kupimwa inapotoka. Ikiwa nafasi hiyo itatakiwa, uamuzi wake unafanywa kabla ya kisima cha kwanza kuanza, kwa kuchagua kesingi ya mwisho. Kesingi ya kawaida ya milimita 114.3 ina kipenyo cha ndani cha milimita 101.6, keekee ya milimita 104.8 haipiti, na itabidi kushuka hadi milimita 95 pamoja na turbini nyembamba zaidi, yenye mbio zaidi na torki ndogo zaidi. Kesingi ya milimita 177.8, yenye takribani milimita 159 ndani, hupitisha kila kitu, lakini kwa lita 300 kwa dakika tope litapanda ndani yake kwa mita 0.29 kwa sekunde, badala ya mita 0.87 katika tundu lenyewe. Unga wa almasi utapanda kwa kasi hiyo kama tope lina mnato wa kutosha. Vipande vikubwa vinavyomeguka kutoka kwenye kuta huenda visipande. Suluhisho linalowezekana ni kuiacha kesingi pana na kuning'iniza ndani yake, wakati wa kuchoronga tawi tu, bomba la muda lenye upana wa kati, ambalo kipenyo chake cha ndani lazima kizidi milimita 105.